Abti Ana Masta, Lakini Kemia ya KCSE Bado Inamdai

Leo sina kichekesho. Leo ni story ya familia, na nimeomba ruhusa kabla ya kuandika.

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, abti alikuja nyumbani kwetu hapa Lafey na bahasha ya kaki mkononi. Kwa wale hamjui Kisomali, abti ni mjomba, ndugu wa mama. Na yeye pia ananiita abti, kwa sababu kwetu hilo jina linaenda na kurudi. Hooyo akamwekea chai ya maziwa ya ngamia. Hakuigusa. Akanipa simu yake akasema, "Abti, wewe ndiye mtu wa intaneti. Soma hii uniambie kama ni kweli."

Ilikuwa meseji ya ajenti anayepeleka watu vyuo vya nje. Ilisema mtu mwenye masta ya afya ya umma anaweza "kuendelea" moja kwa moja hadi mwaka wa pili wa udaktari. Matokeo ya KCSE hayaulizwi. Kinachotakiwa ni pasipoti, transkripti, na shilingi 350,000 za kushika nafasi kabla mwezi uishe.

Kumbe wazee walikuwa wameshakaa. Ngamia watatu wa ayeeyo, yaani nyanya yangu, walikuwa wameshatajwa mmoja mmoja. Kwetu ngamia ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni akiba ya siku ukame ukibisha. Familia ikikubali kuuza watatu kwa mpigo, jua imeamini.

Na mimi ndiye nilipewa kazi ya kusema kama ni kweli. Mimi, mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Cheka, ni sawa. Nitafika hapo.

Kwanza mjue abti ni nani. Ana miaka 30. Ana digrii ya afya ya umma na masta juu yake. Ameshazunguka vijiji vya huku kote na kampeni za chanjo, na watu wanamwita dokta barabarani. Mama akipata uchungu usiku, simu ya kwanza inapigwa kwake. Na kila mara anajibu kitu kimoja: mimi si daktari, mpelekeni hospitali. Ameniambia hiyo sentensi imemchosha. Anataka siku moja asiiseme.

Sasa, abti alifanya KCSE mwaka 2015. Ukitoka huku, huo mwaka hauhitaji maelezo. Ukitoka kwingine, tulia nikuambie. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilivamiwa na Al-Shabaab, abiria 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wanaenda nyumbani likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye, wachimbaji mawe 36 wakauawa karibu na mji wa Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Walimu kutoka kaunti zingine waliondoka, na wengi hawakurudi. Nani atawalaumu? Mimi siwezi.

Lakini darasa la abti lilibaki. Mwalimu wao wa Kemia alienda likizo akaacha koti lake la maabara limening'inia kwa msumari, na mwaka wote wa kidato cha nne hilo koti lilikuwa pale. Abti anasema walisoma Kemia wakifundishana wenyewe kutoka kwa kitabu kimoja. Akapata C+ kwa jumla. Kemia, D+.

C+ ikampeleka chuo. Akasoma, akamaliza na daraja la pili la chini, akafanya kazi, akarudi kusomea masta, akamaliza. Kwa akili yake, na kwa akili ya mtu yeyote anayefikiria sawasawa, elimu ni ngazi. Umepanda digrii, umepanda masta, kinachofuata juu ni udaktari. Si ndio?

Hapana. Na hapo ndipo watu wengi wanaumia.

Usiku ule niliweka bando nikakaa hadi saa nane nikisoma. Wacha niwape venye iko, bila kuzunguka.

Kenya, udaktari ni digrii ya kwanza. Inaitwa MBChB, inachukua miaka 6, halafu mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Haiko juu ya masta. Iko pembeni yake, na inaanzia chini kabisa, pale ulipotoka sekondari. Masta ya udaktari ipo kweli, inaitwa MMed, lakini ni ya mtu ambaye tayari ni daktari na anataka kuwa bingwa wa upasuaji, watoto, akina mama na kadhalika. Kwa hivyo ukisikia "masta" na "udaktari" kwa sentensi moja, uliza kwanza ni masta gani.

Kuingia MBChB, kiwango cha chini ni KCSE ya B ya kawaida kwa jumla. Halafu B ya kawaida kwa Biolojia, B kwa Kemia, B kwa Hisabati au Fizikia, na B kwa Kiingereza au Kiswahili. Zote. Ukikosa moja, umekosa. Na hicho ni kiwango cha kukuruhusu kupiga foleni tu. KUCCPS inapanga watu kwa alama za kundi ambazo mwisho wake ni 48, na udaktari kwa vyuo vya umma huchukua watu walio juu ya 40. Yaani B zako zinakufikisha mlangoni, lakini mbele yako kuna watu wa A.

Vipi milango ya pembeni? Ipo, lakini ni myembamba. Baadhi ya vyuo vyetu vinaruhusu mtu mwenye diploma ya kliniki aliyefaulu vizuri. Vingine vinaruhusu mwenye digrii ya sayansi ya daraja la pili la juu au zaidi, katika masomo yanayohusiana. Wote hao wanaanza mwanzo, na mara nyingi wanajilipia, na hiyo ni mamia ya maelfu kila mwaka. Angalia basi: hata mlango huo unauliza daraja la digrii ya kwanza. Abti ana daraja la pili la chini. Masta yake haifuti hilo.

Na ukienda nje? Baraza la madaktari, KMPDC, ndilo linasajili kila daktari nchini. Ukirudi na digrii ya udaktari kutoka nje, unapitia kwao na unafanya mtihani wao kabla ya kusajiliwa. Kwa hivyo swali la kuuliza kabla ya kutuma hata shilingi ni hili: KMPDC wanakitambua hicho chuo? Na wao wanasema nini kuhusu matokeo yangu ya sekondari? Ajenti hawezi kujibu kwa niaba yao. Ajenti analipwa ukipanda ndege. Kama utasajiliwa miaka saba baadaye, hiyo si shida yake.

Nikajiuliza, sasa hii story ya kutoka masta kwenda udaktari ilitoka wapi? Nadhani nimejua. Tunatazama sana video za Marekani. Huko udaktari unaanza baada ya digrii ya kwanza. Mtu anasoma miaka minne, lazima awe amefanya Kemia, Biolojia na Fizikia za chuo, anakaa mtihani unaoitwa MCAT ambao alama zake ni kuanzia 472 hadi 528, ndipo anaingia miaka mingine minne ya udaktari. Wengine ambao digrii yao haikuwa nzuri wanachukua masta ya sayansi katikati, waonyeshe kwamba wameiva. Lakini hata huko masta si lazima, na mfumo wao mkubwa wa maombi, AMCAS, unahesabu alama za digrii ya kwanza kivyake na za masta kivyake. Ya juu haimezi ya chini.

Majirani zetu je? Tanzania wanataka ufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita. Uganda wanaangalia Biolojia na Kemia za A-level. Kila mahali nilipoangalia, swali ni lile lile: Kemia yako iko wapi? Tofauti ni kwamba Mmarekani akiharibu Kemia akiwa na miaka 17, anaweza kuirudia chuoni akiwa na 25 na ikahesabiwa. Sisi, cheti cha fomu 4 kinatufuata kama kivuli.

Sasa nafika kwangu.

Mimi nilifanya KCSE ya 2021, ile iliyosukumwa hadi Machi 2022 kwa sababu ya korona. Nilipata B ya kawaida. Kwetu ilikuwa sherehe, mbuzi akachinjwa. Hooyo aliwaambia wanawake wa mtaa kwamba binti yake atakuwa daktari, na sitaki mchukulie hiyo kama maringo ya mama. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 zilionyesha Mandera inapoteza akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kitaifa ilikuwa 488. Hooyo hajawahi kuona hizo namba, lakini anajua majina. Dada yake mmoja yumo. Kwa hivyo aliposema daktari, alimaanisha kitu.

Shida ni kwamba Kemia yangu ilikuwa C+. Jumla B, Kemia C+. Hakuna aliyeniambia hiyo C+ ina maana gani. Niliambiwa tu, na watu wazima wenye vyeti, "Ingia kozi yoyote ya sayansi, ukimaliza mwaka wa kwanza unahamia udaktari." Nikaingia Baiokemia. Mwaka mzima nilikuwa najitambulisha kama mtu wa udaktari anayepitia tu. Sikununua hata vitabu vingine, nikasema kwani nitakaa?

Mwaka wa pili nikaenda ofisini kuuliza fomu ya kuhamia. Mama aliyekuwa pale aliangalia karatasi yangu kama sekunde tano. Akasema, kwa upole kabisa, "Mwanangu, Kemia yako ni C+. Hii hata hatuwezi kuipokea."

Muhula huo sikumaliza. Nilirudi Lafey nikaanza kushika kamera. Watu wanadhani niliacha chuo kwa sababu ya TikTok. Ukweli ni kwamba niliacha kwa aibu, kamera ikaja baadaye.

Na sasa sikia kilichoniuma usiku ule nikisomea abti. Ule mlango wa pembeni, wa digrii ya sayansi yenye daraja la pili la juu? Nilikuwa ndani ya digrii yenyewe. Ningekaa, nikaisoma kwa moyo, labda leo ningekuwa napiga hodi mahali. Pesa pengine zingenishinda, sijui. Lakini nilikuwa njiani na nikashuka, kwa sababu niliyeahidiwa njia ya mkato nilipoikosa nilidhani barabara imeisha. Nilifunga simu nikalia kidogo. Basi, tuendelee.

Kesho yake nikaenda kwa abti. Nilimweleza yote, polepole, nikimwonyesha kila ukurasa. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hivyo abti, mimi niko na miaka 30, nina digrii mbili, na aliyenifungia mlango ni kijana wa miaka 19 ambaye hakuwa na mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Wacha niwe mkweli, sheria yenyewe naielewa. Sitaki kupasuliwa na mtu asiyejua dawa inafanya nini ndani ya damu, na hiyo ni Kemia. Mtu akitaka kushika maisha ya watu, apimwe kwa ukali. Sitetei mtu kuruka ukuta. Masta ya afya ya umma inakufundisha kuona ugonjwa kwa kijiji kizima, na udaktari unakufundisha kumwona mgonjwa mmoja kitandani. Ni kazi mbili tofauti, na moja haiwezi kuwa tiketi ya nyingine.

Ninachopinga ni kitu kimoja: kumpima mtu milele kwa mwaka ambao serikali yenyewe haikuweza kumpa mwalimu. D+ ya abti inasema hakufundishwa Kemia mwaka 2015. Haisemi kitu kuhusu kama anaweza kuijua mwaka 2026. Basi mpeni nafasi ya kuonyesha. Chuo chetu kimoja kiweke mwaka wa matayarisho, Kemia, Biolojia na Fizikia za kweli, na maabara, na mtihani mkali mwishoni usio na huruma. Akianguka, ameanguka kwa haki. Akipita, aingie mwaka wa kwanza kama wengine.

Na msiniambie kaunti haihitaji. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, na wawili wakaletwa Mandera. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2019, wakienda kazini, walitekwa nyara na kuvushwa hadi Somalia, na askari aliyewalinda akauawa. Baada ya hapo Wacuba waliondolewa kaunti za mpakani. Niliwaza sana juu ya hilo. Nchi iliweza kumtoa daktari ng'ambo ya bahari hadi huku, lakini haijapata njia ya kumtoa mtu wa Lafey hadi darasa la Kemia. Mtu ambaye anajua barabara, anajua lugha, na mama akipata uchungu usiku tayari ana namba yake ya simu.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii uko fomu 3, au uko nyumbani unangoja matokeo, au uko chuo kwa kozi usiyoitaka ukidanganywa utahama, sikia dadako.

Usiangalie gredi ya jumla peke yake. Toa karatasi, andika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, Kiingereza au Kiswahili, na uweke gredi ya kila moja mbele yake. Ukiona iliyo chini ya B, hiyo ndiyo kazi yako, na uianze leo. Kama umeshamaliza na ulianguka somo, KCSE inaweza kufanywa tena kama mtahiniwa wa kujitegemea. Haina aibu. Kama una C ya kawaida, angalia diploma ya kliniki pale KMTC. Miaka mitatu, na unatibu watu kweli kweli. Sehemu nyingi za huku anayekutibu ni afisa wa kliniki, na hakuna mgonjwa amewahi kumuuliza kama alitaka kuwa kitu kingine. Kama uko kwa digrii ya sayansi, usifanye kosa langu. Isome kama ndiyo mwisho wa safari, upate daraja la juu, halafu upige hodi. Na kabla ya kulipa mtu yeyote, uliza chuo chenyewe na uliza KMPDC, upate jibu kwa maandishi.

Ngamia hawakuuzwa. Ajenti alipiga simu mara nne, mara ya mwisho akasema nafasi amepewa mtu mwingine. Naomba huyo mtu mwingine awe anasoma hii.

Abti hajaamua. Juzi alikuja jioni, akamkuta dada yangu mdogo chini ya taa akifanya kazi ya shule. Yeye ni wa kundi lile la kwanza la gredi ya 10, walioanza Januari hii, na amechagua mkondo wa sayansi. Abti akachukua kitabu chake cha Kemia, akafungua, akasoma kurasa mbili tatu amesimama. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Abti, huo mtihani wa kujitegemea, usajili hufunguliwa lini?"

Nikamwambia nitaangalia.

Hooyo alikuwa jikoni lakini alisikia. Akauliza kutoka huko huko, bila kutoa kichwa, "Na wewe, hooyo? Wako utaangalia lini?"